Mholanzi aliyekwenda China kusoma mazishi: uzi kuhusu J.J.M. de Groot na dini ya asili ya Wachina

Mpekuzi wa Maktaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila Wachina wakitajwa humu jukwaani utasikia barabara, mikopo na bei ya simu. Ukigusia dini yao unajibiwa "hawana dini", au kwa aliyesoma kidogo, "wana dini tatu: Ukonfusio, Utao na Ubudha". Majibu yote mawili hayanitoshi, na aliyenifanya yasinitoshe ni Mholanzi mmoja aliyefariki mwaka 1921. Nitamweleza kwa kirefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Jan Jakob Maria de Groot alizaliwa Schiedam mwaka 1854 kwenye familia ya Kikatoliki, na ukubwani akaliacha Kanisa. Alisoma Kichina Leiden, chini ya Gustaaf Schlegel, kwa sababu za kikazi kabisa. Uholanzi ilikuwa inatawala visiwa vya Indonesia, visiwa vimejaa wafanyabiashara na wachimba dhahabu wa Kichina, na ofisi za serikali zilihitaji wakalimani. Mwaka 1877 akapelekwa Xiamen, mji wa bandari kusini mwa jimbo la Fujian ambao vitabu vya zamani vinauita Amoy, akajifunze lugha ya watu wa pale, Kihokkien. Lugha ya mabwana wa Beijing haikuwa na kazi huko alikokuwa anapelekwa.

Kijana yule hakuishia kwenye daftari la msamiati. Aliandika kitabu kizima kuhusu sikukuu za mwaka mzima za mji ule: siku gani mungu yupi anatolewa hekaluni, nini kinapikwa, nini kinachomwa. Kilitoka kwa Kiholanzi, kisha kwa Kifaransa mwaka 1886.

Baadaye akafanya kazi Cirebon, Java, halafu Pontianak, Borneo. Huko Borneo wachimba dhahabu wa Kichina walikuwa na vyama vyao vya kujitawala, kongsi, na Waholanzi waliviona kama genge la wahuni. De Groot akaandika kitabu mwaka 1885 kuvitetea. Alisema hizi ni jamhuri ndogo za wanakijiji waliohamia ng'ambo na mila zao za kuchaguana viongozi, na kuzivunja kwa nguvu ni ujinga wa kutowajua watu unaowatawala. Kongsi ya mwisho, Lanfang, serikali yake ilikuwa imeivunja mwaka mmoja kabla. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Kuanzia 1886 hadi 1890 alirudi Fujian, safari hii kama mtafiti. Mzigo aliotoka nao ndio kitabu chake kikubwa kuhusu mfumo wa dini wa China: juzuu sita, zaidi ya kurasa 2,500, zilizotoka Leiden kati ya 1892 na 1910. Sasa sikilizeni. Juzuu tatu za kwanza zote ni maiti. Kuosha maiti, kuvisha maiti, jeneza, matanga, kaburi. Hajaanza na miungu wala na Konfusio, ameanza na mtu anayekata roho chumbani.

Na anaangalia kwa karibu mno. Mfano, nguo za kuzikiwa. Wazazi wakizeeka, watoto wao huwashonea vazi la kuzikiwa wakiwa bado hai, hariri ya rangi ya bluu iliyotariziwa herufi ya "maisha marefu" kwa nyuzi za dhahabu. Vazi lenyewe likatwe na kushonwa na msichana ambaye hajaolewa, au mwanamke mdogo sana, kwa kuwa mtu wa umri huo ana miaka mingi mbele yake na sehemu ya miaka hiyo itaingia kwenye kitambaa. Tena lishonwe katika mwaka ambao kalenda yao ina mwezi wa ziada, kwani mwaka mrefu huzaa nguo yenye urefu wa maisha ndani yake. Mzee halifungii sandukuni. Analivaa siku yake ya kuzaliwa na kwenye sherehe, watoto wakimtazama wakijua wametimiza wajibu.

Au kivuli. Kifuniko cha jeneza kinapokaribia kuwekwa, watu wote isipokuwa ndugu wa karibu kabisa wanarudi nyuma hatua kadhaa, au wanahamia chumba kingine, kivuli cha mtu kisije kikafungiwa ndani pamoja na maiti. Makaburini, jeneza likishushwa, watu wanarudi nyuma tena. Wachimba kaburi na wabebaji wanajifunga kipande cha kitambaa kiunoni ili kivuli kishikane na mwili. Hayo hayapatikani katika maandishi ya Konfusio. Ni mtu amesimama pale, anatazama miguu ya watu.

Hoja yangu ya uzi huu ni hii: de Groot alikuwa na macho mazuri kuliko akili yake. Alichokiona Xiamen hakijachakaa mpaka leo. Alichohitimisha kimechakaa, na sehemu nyingine kinaudhi. Nawasilisha, maswali yaje.

Seremala wa Keko

Mkuu umenigusa kwenye fani. Jeneza lao likoje? Nasikia wanakaa na maiti nyumbani wiki na miezi. Harufu je?

Mpekuzi wa Maktaba

Mkuu Seremala, umeuliza jambo ambalo jamaa amelitolea kurasa na kurasa. Jeneza la huko ni mbao nene sana, pande zake zimeviringwa kwa nje kama gogo la mti lililopasuliwa, siyo boksi la mbao nyembamba tunalolijua. Viungo vinazibwa, nje linapakwa lakeri, rangi ngumu ya kung'aa, tabaka juu ya tabaka, ndani kunawekwa vitu vya kunyonya unyevu. Likizibwa vizuri halitoi hewa. Ndiyo maana familia yenye uwezo iliweza kukaa na marehemu muda mrefu ikisubiri siku njema au eneo jema la kaburi. Na jeneza zuri lilinunuliwa mwenyewe angali hai. Mtoto kumnunulia baba yake jeneza ilikuwa heshima, baba anafurahi kabisa.

Seremala wa Keko

Huku ukimpelekea mzee jeneza akiwa hai unaitiwa kikao cha ukoo, na kikao hakiishi vizuri.

Jogoo la Shamba

Tuache kupambana na vitabu vya wakoloni jamani. Mtu mwenyewe ameajiriwa na serikali ya Uholanzi ili Wachina wa Indonesia watawalike vizuri, leo tunamfanya mwalimu wa dini ya Wachina? Kwani Wachina hawana wasomi? Kitabu cha Mzungu kuhusu mila za Mwafrika tunakikataa, cha Mzungu kuhusu Mchina tunakipigia makofi.

Mpekuzi wa Maktaba

Mkuu Jogoo, hoja yako ina uzito, na sehemu yake ndiyo niliyotaka kuifikia. Kumbukeni kile kitabu cha Borneo. Mwaka 1885 de Groot ni mtetezi wa Wachina dhidi ya serikali yake mwenyewe. Sasa ruka hadi 1903. Uasi wa Mabondia, Wachina walioinuka dhidi ya wageni, umepita, wamisionari na Wachina Wakristo wengi wameuawa, majeshi ya nchi nane yameingia Beijing. De Groot anatoa kitabu kuhusu madhehebu na mateso ya kidini China, na anakitabaruku kwa wamisionari wa madhehebu yote ya Kikristo waliokuwa wakifanya kazi kule. Ni yule yule aliyeliacha Kanisa.

Kitabu chenyewe si cha kutupa, maana wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wanaimba kwamba Dola ya China ni mvumilivu, Konfusio hana ugomvi na dini ya mtu. De Groot akachukua sheria za nasaba ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China wakati ule, na amri za wafalme, akaonyesha kifungu kwa kifungu jinsi madhehebu yasiyo na kibali yalivyowindwa na viongozi wao kunyongwa. Na kabla ya hapo alikuwa amekaa na watu wa madhehebu ya siri palepale Xiamen, kama Longhua, wasiokula nyama, wanaokutana majumbani kusoma maandiko yao. Aliwaandika kwa upole, na ndio watu wachache katika maandishi yake ya baadaye anaowaheshimu wazi.

Lakini sauti imebadilika. Kwenye juzuu za mwisho kila anachokiona ni ushenzi, hofu ya mizimu, upumbavu wa kale. Feng shui, sayansi ya kuchagua kaburi na nyumba, anaieleza kwa undani ambao Mzungu mwingine wa wakati wake hana, halafu anageuka kuiita kikaragosi cha sayansi. Mwanaanthropolojia Mwingereza Maurice Freedman aliandika miaka ya 1970 kuhusu mgeuko huu, kwamba kijana mwenye huruma alizeeka akawa hakimu. Mimi nasema hakimu tumpe mgongo, shahidi tumsikilize.

Kuhusu wasomi wa Kichina, nakubaliana nawe. Yeye mwenyewe asingeandika ukurasa bila wao. Nukuu zake nyingi alizichota kwenye ensaiklopidia kubwa ya nasaba ya Qing, yenye mafungu 10,000, iliyokamilika karne ya 18. Na mtu aliyelijibu vizuri zaidi swali la "Wachina wana dini au hawana" ni Mchina, C.K. Yang, mwaka 1961. Yeye alisema tusitafute kanisa, waumini waliosajiliwa na mapadri, kwa kuwa dini imeyeyuka ndani ya familia, ukoo, chama cha mafundi, kijiji na serikali. Kila taasisi ina madhabahu yake ndani.

Bint Ngamiani

Asante kaka Mpekuzi. Mimi nataka kujua hilo la dini moja au tatu. Mtu wa kawaida Xiamen ukimuuliza wewe ni Mbudha au Mtao angejibuje?

Mpekuzi wa Maktaba

Dada yangu, angekushangaa. Msiba ukitokea anamwita mtawa wa Kibudha asome, au kuhani wa Kitao, kutegemea desturi ya mtaa na mfuko wake. Uvaaji wa matanga na muda wake, ile inayoitwa miaka mitatu lakini kwa hesabu ni miezi 27, umetoka kwenye vitabu vya Konfusio. Kaburi linachaguliwa na mtu wa feng shui. Mtoto akiugua anakwenda kwa mtu anayepandwa na mungu hekaluni. Hajatembelea dini nne, ameshughulikia nyumba yake.

Na hapa ndipo de Groot anapata alama zake: jina lenyewe la kitabu linasema *mfumo*, mmoja. Aliona kwamba chini ya hizo "dini tatu" kuna kitu kimoja, na kitu hicho kinaanza na wafu wa familia. Alivyojaribu kueleza kimetoka wapi, akaharibu. Kila desturi aliyoiona barabarani aliitafutia baba kwenye vitabu vya miaka elfu mbili iliyopita, kana kwamba muuza samaki wa Xiamen anazika mama yake kwa kufuata maktaba. Watu wanabadilisha mila kila siku kwa sababu za leo.

Shaha wa Bandarini

Assalam alaykum jamaa. Nipo Mombasa, nachangia kidogo. Fujian si mbali na sisi kama mnavyofikiri. Quanzhou, mji wa jirani na huo wa Xiamen, ndio mji ambao Ibn Battuta aliuita Zaytun, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Pale pana msikiti wa mawe, Ashab, ambao msingi wake ni wa mwaka 1009. Na Zheng He, Mwislamu wa kuzaliwa, aliyeleta majahazi yake mpaka pwani hii, kabla ya safari ya mwisho mwaka 1431 alisimamisha jiwe Changle, Fujian, kumshukuru Tianfei, mungu wa kike wa mabaharia, kwa kuwalinda baharini. Ndiye watu wa kule wanayemwita Mazu. Sasa huyo Mholanzi anasemaje kuhusu hali hiyo, Mwislamu na mungu wa bahari?

Mpekuzi wa Maktaba

Wa alaykum salaam mzee wangu, karibu sana. Waislamu si uwanja wake, lakini Quanzhou ameitaja kwa hadithi ninayoipenda kuliko zote humo. Watu walikuwa wakisema ramani ya Quanzhou ina umbo la samaki, na mji jirani wa Yongchun una umbo la wavu. Kwa hiyo Quanzhou ikawa inaliwa: mabaya yakawa yanaiandama, mji wa wavu unafaidi. Dawa yake? Wakajenga minara miwili mirefu katikati ya mji. Wavu ukirushwa unanasa kwenye minara, samaki anapona. Minara hiyo, ya hekalu la Kaiyuan, ingalipo, ya mawe, ya karne ya 13. James Frazer, mwandishi maarufu wa Uingereza wa vitabu vya mila na dini za dunia, aliichota hadithi hii kwa de Groot akaisambaza Ulaya nzima, na ile ya vivuli na nguo za kuzikiwa pia. Wengi walioisoma kwa Frazer hawakujua ilikotoka.

Kuhusu Zheng He, jiwe ni la serikali na mabaharia wake walikuwa watu wa Fujian. Kiongozi anashukuru kwa lugha ya watu wake. Sioni kitendawili kikubwa hapo.

Shaha wa Bandarini

Wewe huoni kitendawili, mimi nakiona. Lakini tuendelee.

Kahawa Chungu

Nimesoma kimya kimya, sasa naingia. Mpekuzi umemsahau mtu muhimu kuliko de Groot, tena Mholanzi mwenzake: Kristofer Schipper. Alizaliwa Sweden mwaka 1934 ila ni Mholanzi, akasoma Paris, akaenda Taiwan mwaka 1962. Alipofika kusini, Tainan, akaona makuhani wa Kitao wakiendesha ibada za siku kadhaa, muziki, maandiko yanasomwa kwa mdundo, na akagundua kwamba maandiko yale ni jamaa wa yale yaliyomo kwenye mkusanyo mkuu wa Kitao uliochapwa mwaka 1445, ambao wasomi wa Ulaya walidhani ni mzoga wa maktaba. Akaomba kufundishwa. Mwaka 1968 akawekwa wakfu kuwa kuhani wa Kitao. Siyo kwa maonyesho, alijifunza kuendesha ibada yenyewe.

Na wale watu wa Tainan mababu zao wametoka Quanzhou na Zhangzhou, wanaongea Kihokkien kile kile cha de Groot. Kwa hiyo Waholanzi wawili, watu wale wale, miaka themanini katikati. Mmoja alimwona kuhani kama mwigizaji wa ushirikina, mwingine akakaa chini akawa mwanafunzi wake. Schipper aliongoza kazi ya kuchambua mkusanyo wote ule, maandiko karibu 1,500, kazi ikatoka mwaka 2004. Alifariki 2021. Huyo ndiye wa kufungulia uzi.

Mpekuzi wa Maktaba

Kahawa, nakukubali kwa Utao. Hakuna aliyemfikia. Lakini Schipper naye alitaka kila kitu kiwe Utao, hata hekalu la mtaa. Mwenye kofia ya kuhani anaona ibada ya kuhani. De Groot, kwa ubaya wake wote, aliandika pia bibi anayekunja karatasi za fedha za wafu, yaani fedha bandia za kuwachomea, na mbebaji anayejifunga kitambaa kiunoni, watu ambao hakuna kuhani anayewaandika. Ukitaka kujua jikoni na uani kwa Xiamen ya miaka ya 1880, unarudi kwake tu.

Kahawa Chungu

Hapo tunatofautiana, na Granet je?

Mpekuzi wa Maktaba

Mfaransa Marcel Granet alikaa China 1911 hadi 1913, akarudi kwenye vitabu. Kitabu chake cha mwaka 1919 kinasoma nyimbo za kale na kujenga upya sherehe za wakulima za majira ya kuchipua, vijana wa kiume na wa kike wakiimbiana mtoni. Kizuri mno kusoma. Ushahidi wa macho hakuna.

Mama Samaki wa Ferry

Mimi sijui vitabu hivyo, ila nataka kuongeza la hapa hapa. Gongo la Mboto kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofariki wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, ule wa 1970 hadi 1975. Kila mwaka mwanzoni mwa Aprili watu wa ubalozi wanakwenda kuweka maua, wanainamisha vichwa. Nilidhani ni mambo ya serikali tu. Kumbe ni siku yao ya makaburi?

Mpekuzi wa Maktaba

Ndiyo mama, shikamoo. Siku hiyo inaitwa Qingming, inaangukia tarehe 4 hadi 6 Aprili, na kwa mila ni siku ya kufagia makaburi: kung'oa majani, kuweka chakula, kuchoma karatasi za fedha. Ubalozini wanabakiza maua na kuinama kwa vile dola yao ya sasa haina raha na karatasi za kuchoma.

Ila kuna jambo. Zamani za de Groot, Mchina aliyefia ng'ambo, ndugu zake wakiweza walimrudisha Fujian ndani ya jeneza kwa meli, hata baada ya miaka, maana marehemu asiye na mtu wa kumlisha ni hatari kwa wote. Huzurura na njaa, na kila mwezi wa saba wa kalenda yao mji mzima huwawekea chakula roho wa namna hiyo. Wale wa Gongo la Mboto walizikwa hapa hapa. Kwa macho ya bibi wa Xiamen wa mwaka 1888, anayewatembelea kila Aprili amechukua nafasi ya mtoto wa kiume.

Mama Samaki wa Ferry

Marahaba mwanangu. Mwaka ujao nitapita kuona.

Jogoo la Shamba

Swali la mwisho kabla sijalala. Umesema juzuu sita. Mbona ukurasa wa mwanzo wa hiyo nakala ya mtandaoni unaonyesha mpango mkubwa zaidi?

Mpekuzi wa Maktaba

Umefungua kitabu, mkuu! Karibu kwetu. Alipanga juzuu 12. Hizi sita zinaishia kwenye maiti, roho, mashetani, uchawi na watu wanaopandwa. Miungu mikubwa, Utao na Ubudha wenyewe vilikuwa vije baadaye. Mwaka 1912 akahamia Chuo Kikuu cha Berlin, Vita Kuu ya Kwanza ikaja, akasimama upande wa Ujerumani, na mwaka 1918 akatoa kitabu kwa Kijerumani akijaribu kukusanya dini zote za China chini ya wazo moja la mwendo wa ulimwengu. Juzuu ya saba haikutoka. Kwa hiyo aliyetaka kuandika dini yote ya Wachina alifariki akiwa bado hajatoka msibani.

Jogoo la Shamba

Nipo juzuu ya kwanza, mlango wa kuosha maiti. Msimamo wangu kuhusu wakoloni uko pale pale. Ila jamaa anaandika.